Kilo Sabini na Nne

Alhamisi ilipofika saa tisa na nusu, Bwana Mashine alizima injini, ingawa madebe manne ya mahindi yalikuwa bado yamepangwa mlangoni. Wenye madebe walitazamana. Yeye akajifanya anakagua mkanda, akaupapasa huku na huku kama mtu anayetafuta ufa, kisha akafunga nusu ya mlango. Hakuna aliyeuliza. Kijiji kizima kilijua kwamba kila Alhamisi saa kumi simu ya kliniki hulia mle mashineni. Ambacho kijiji hakikujua ni kwamba kwa miezi saba mwenye mashine alikuwa akiiogopa simu hiyo tangu alfajiri ya kila Alhamisi.

Mkewe aliingia kwa mlango wa nyuma, simu ameishika kwa mikono miwili. Akavua kandambili, akapanda kwenye mzani wa magunia.

Ulikuwa mzani wa zamani, wa chuma, wenye bamba la kukanyagia chini na mkono mrefu juu. Mtu hawezi kujipima peke yake kwenye mzani wa namna hiyo. Lazima awepo mwingine wa kusogeza jiwe, kidogo kidogo, mpaka mkono utulie katikati. Mzani mdogo walioletewa na kliniki, ule wa kusoma namba kwenye kioo, uliishiwa betri ndani ya miezi mitatu na betri za aina hiyo duka la kijijini halijawahi kuziona. Kwa hiyo mwanamke alipimwa mahali magunia yanapopimwa, na mtu pekee wa kumsomea uzito wake wa kweli alikuwa mumewe.

Alisogeza jiwe mpaka themanini na nne. Mkono ukabaki juu. Themanini na tano, bado juu. Kwenye themanini na sita ukashuka taratibu, ukatikisika, ukatulia.

"Ngapi?" mkewe akauliza, macho yake yako ukutani.

"Sita."

Hiyo themanini ya mbele walikuwa wameacha kuitamka siku nyingi.

"Wiki iliyopita ilikuwa tano."

"Labda gauni."

"Gauni ni lilelile, baba watoto." Akashuka, akashika ukingo wa mzani, akasimama hapo muda mrefu kuliko kawaida. "Hiki kichwa hakijaniacha tangu jana."

"Leo mwambie nesi."

"Nimwambie nini? Nikisema kichwa, ataniuliza chumvi. Nikisema chumvi, ataniuliza mkate. Akifika kwenye mkate tumeisha." Akavaa kandambili zake, mguu mmoja ukakosea, akaurudia. "Wewe sema sabini na nne kama kawaida. Mengine tutayarekebisha wenyewe."

"Tumesema hivyo tangu mwezi wa pili."

"Basi leo utasema nini?"

Bwana Mashine akaupangusa mkono wa mzani kwa kitambaa ingawa haukuwa na vumbi.

Jambo lenyewe lilianza kwa utani. Mwanamke huyu alikuwa na kilo mia moja na nne, magoti yakilia kila akiinuka, presha haitulii hata kwa vidonge viwili kwa siku. Daktari wa hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili kwa gari, alimwambia waziwazi kwamba asipopungua atapooza kabla watoto hawajamaliza shule. Akarudi nyumbani akalia siku moja, siku ya pili akaanza. Alipunguza sahani, akaacha sukari, akaenda kisimani kwa njia ndefu makusudi. Mwaka mmoja ulipopita alikuwa na sabini na nne, na kliniki ikamwingiza kwenye kundi la Alhamisi: watu kumi na tisa wa vijiji vya mbalimbali ambao nesi mmoja, aliyekaa mjini mbali sana na wasiyemjua sura, huwaunganisha kwenye simu moja wasikie sauti za wenzao. Kazi ya kundi haikuwa kupungua. Hiyo walikuwa wameimaliza. Kazi yao ilikuwa wasirudi walikotoka.

Katika kundi hilo yeye ndiye alikuwa mfano. Nesi alisema hivyo kila wiki. Vidonge vikapunguzwa kutoka viwili hadi kimoja, kutoka kimoja hadi nusu, maana kwa kilo hizo nesi alihesabu kwamba presha nayo imeshuka.

Kijiji kilichukulia vingine. Zamani walimwita Bibi Gunia, na kwa jina hilo walimpenda. Alipopungua wakamwita Kijiti, na kwa jina hilo walimwogopa. Mwanamke mmoja, debe lake lilipoguswa na mke wa Bwana Mashine, alilinyanyua na kulihamishia upande mwingine wa foleni. Mhudumu wa zahanati alimvuta Bwana Mashine kando, akamnong'oneza kwa huruma kwamba waende wapime wote wawili, ni siri. Mnunuzi wa mazao, anayeitwa Tajiri kwa sababu ya pikapu yake, alisimama siku moja katikati ya watu akasema, "Bwana Mashine, unasaga mahindi ya kijiji kizima, mkeo unamsagia mawe?" Watu walicheka mpaka unga ukapeperuka. Bwana Mashine naye alicheka. Alicheka zaidi ya wote.

Mama yake mzazi, aliyekaa nyumba ya pili, alikuja jioni hiyo akakaa bila kuvua mtandio. "Watu wananiuliza mwanangu anamlisha nini mke wake. Niwajibu nini?"

Ndipo siku ya pili yake, wakiwa mezani, akamwambia mkewe maneno ambayo angetoa kidole kuyarudisha kinywani. "Ongeza kidogo. Kidogo tu, watu wanyamaze."

Mkewe aliweka kijiko chini, akamtazama. Akavuta sufuria, akajipakulia tena.

Tangu hapo yeye mwenyewe ndiye aliyeleta mikate na siagi kutoka gulioni kila Jumamosi. Mama yake akaleta uji mzito wa sukari na maziwa. Kilo zikarudi kama ng'ombe wanaoijua njia ya zizini. Watu wakanyamaza kweli, tena wakaanza kusema, "Sasa umependeza." Alhamisi ya kwanza mzani uliposoma sabini na sita, mkewe alifunika simu kwa kiganja akanong'ona, "Sema nne." Akasema nne. Ilikuwa rahisi kama kupiga chafya.

Saa kumi kamili simu ikalia. Bwana Mashine akaiweka juu ya gunia la pumba, akafungua spika.

"Kundi la Alhamisi, mpo?" Sauti ya nesi ilikuwa changamfu, ya mtu aliyekunywa maji kabla ya kuanza kazi. Sauti zikaitikia moja moja, nyingine zikikwaruza kwa mtandao mbovu. Mle ndani watu waliitana kwa kazi zao. Alikuwemo Mwalimu, mwanamke wa sauti ya chini aliyefundisha shule ya milimani. Alikuwemo Fundi wa cherehani, msemaji sana. Alikuwemo Mkunga. Nesi akaita, wao wakataja kilo zao, na kalamu yake ikasikika ikikwangua karatasi.

"Mama wa Mashine?"

Bwana Mashine akainama. "Sabini na nne, nesi."

"Sabini na nne. Jamani mnasikia? Miezi saba, hata nusu kilo haijasogea." Kundi likanung'unika kwa kumsifu. "Mama, leo ninakuachia wewe. Waambie wenzako, ukikaa mezani na njaa inakuuma, unafanyaje?"

Mkewe akameza mate. Akasogea karibu na simu. "Mimi nikikaa mezani," akaanza kwa ile sauti yake ya Alhamisi, "kwanza nanywa maji. Maji kikombe kizima. Halafu naji... najipa... napa kua..."

Akanyamaza, akakunja uso kama mtu aliyekanyaga mahali pasipo sakafu.

"Napaku. Pakua. Kido."

Fundi akacheka kwenye simu. "Mama wa Mashine, leo umekunywa maji ya namna gani?"

"Fundi, nyamaza," nesi akasema. Uchangamfu ulikuwa umemtoka. "Mama, rudia neno hilo. Sema, mimi ninapakua kidogo."

"Mmi nnapa." Mate yakamtoka upande mmoja wa mdomo, naye hakuyafuta. Hakujua kwamba yapo.

"Baba. Uko hapo?"

"Nipo."

"Mwangalie usoni. Mwambie atabasamu."

Akamwambia. Mkewe akajaribu. Upande wa kushoto ukatabasamu, wa kulia ukabaki umelala kama kitu kisicho chake. Bwana Mashine alihisi ubaridi ukimpanda kutoka visiginoni.

"Mwambie afumbe macho, ainue mikono yote miwili mbele yake."

Mikono ikainuka. Wa kushoto ukabaki hewani. Wa kulia ukaanza kushuka polepole, kwa heshima, kama ule mkono wa mzani unaposhuka, ukaishia pajani.

"Umeshuka," akasema. "Nesi, mkono umeshuka."

"Nisikilize mimi. Usimwangalie yeye, nisikilize mimi. Hicho ni kiharusi. Saa ngapi mara ya mwisho alikuwa anaongea vizuri?"

"Sasa hivi. Saa kumi. Amesema maji."

"Saa kumi na dakika kumi, naandika. Kuna gari hapo kijijini?"

"Lipo moja."

"Linafika hospitali kubwa kwa muda gani?"

"Saa mbili."

"Basi mnawahi. Nawapigia sasa hivi kwa simu nyingine wawasubiri mlangoni. Kuna picha ya kichwa watampiga, na ikionyesha damu imeganda, kuna dawa ya kuiyeyusha. Dawa hiyo hupimwa kwa kilo za mgonjwa. Ikizidi inamwagisha damu kichwani, ikipungua haifanyi kazi. Mgonjwa asiyeweza kusimama hawampandishi mzanini, wanachukua tulichoandika. Kwa hiyo nawaambia sabini na nne."

Bwana Mashine akafungua mdomo. Nje, mtu mmoja wa madebe alikohoa. Kwenye simu watu kumi na wanane walikuwa kimya kabisa, na alijua kila mmoja wao anasikiliza. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa akimtazama, jicho la kulia limelegea, la kushoto limekaa wazi, na katika hilo la kushoto kulikuwa na ombi. Alimjua miaka ishirini na moja, alilisoma vizuri. Alikuwa akimwomba asiseme.

"Baba? Nawaambia sabini na nne."

"Hapana," akasema. "Themanini na sita."

Kalamu ya nesi ikasimama.

"Themanini na sita, nesi. Nimempima mwenyewe sasa hivi. Sabini na nne ilikuwa zamani. Tumekudanganya. Mimi ndiye nilikuwa nataja."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na vidonge anakunywa vingapi?"

"Nusu. Kama ulivyosema."

"Kama nilivyosema mimi," nesi akarudia polepole. Kisha sauti yake ikakaza. "Themanini na sita, nawaambia hivyo. Asinywe chochote, asile chochote, asimeze kidonge, hata tone la maji. Mlaze ubavu, kichwa kiinuke kidogo. Kimbia ukatafute gari. Simu usiikate, mwachie mtu."

Alitoka akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Tajiri alikuwa nyuma ya ghala lake akihesabu magunia matupu, na alipomwona anakuja mbio alianza kutabasamu, maana ulimi wake haukukosa neno kwa Bwana Mashine. Alichungulia uso ule mara moja tu, akatupa magunia, akaingia kwenye pikapu.

"Nani?"

"Mke wangu."

"Panda."

Waliporudi, mama mzazi alikuwa ameshafika. Watu wa madebe walikuwa wamemwita. Alipiga magoti kando ya mkwewe na kikombe mkononi, maji yenye sukari, akikisogeza mdomoni. Simu juu ya gunia ilikuwa ikisema, "Mama, tafadhali, usimpe, mama, nakuomba," wala yeye haigeukii.

"Mama, usimpe."

"Amelegea, mwanangu. Ni njaa hii. Nimekuambia kila siku."

"Mama, toa."

"Maji tu. Nani amekufa kwa maji?"

Hakuwa amewahi kumnyang'anya mama yake kitu tangu azaliwe. Alikishika kikombe, mama naye akakishika, wakavutana hapo mbele ya watu kama watoto, mpaka maji yakamwagikia kwenye unga sakafuni yakawa tope jeupe. Bibi kizee akabaki na vidole vilivyolowa.

"Yatampalia," Bwana Mashine akasema. "Hawezi kumeza, mama. Mwangalie. Hawezi kumeza."

Mama akamwangalia. Kwa mara ya kwanza akauona mdomo ule. Akavua mtandio, akaukunja, akauweka chini ya kichwa cha mkwewe.

Walimbeba wanne, kwa turubai la kuanikia mahindi. Nyuma ya pikapu Bwana Mashine alikaa amempakata, mama ameshika miguu. Nesi aliwaongoza kwenye spika: anapumua vipi, anakuitikia, mgeuze kidogo, vizuri. Katikati ya vilima sauti yake ikaanza kukatika. "Baba, mkifika sema... mlangoni... msikae foleni..." Kisha ikapotea, na skrini ikaonyesha hakuna mtandao.

Hapo ndipo hofu ilipompata sawasawa. Muda ule wote alikuwa akifanya anachoambiwa. Sasa hakukuwa na wa kumwambia. Barabara ilikuwa ya mawe, kila shimo likimtikisa mkewe kichwa, naye akakiweka kiganja chake katikati ya kichwa kile na bati la gari ili kipigwe kiganja. Alitaka kumwambia kitu. Kila alichofikiria kilianza na mkate.

"Unanisikia?" akauliza.

Mkono wa kushoto ukamfinya kidole. Akahesabu mpaka kumi akauliza tena. Ukamfinya. Akaendelea hivyo vilima vyote, akiogopa kuuliza na akiogopa kutouliza, mpaka mara moja hakufinywa. Akaita. Hakufinywa. Mama yake akaacha kuomba. Bwana Mashine akapiga bati la gari kwa ngumi, Tajiri akakanyaga mafuta, na vumbi likawafunika wote watatu. Lilipotua, kidole kikafinywa, kwa mbali sana, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya pili.

Kwenye lango la hospitali wahudumu wawili walikuwa wamesimama na kitanda cha magurudumu. Watu walikuwa wengi, wamekaa mpaka kwenye ngazi. Mhudumu mmoja akapaza sauti juu ya vichwa vyao, "Mgonjwa wa kilo themanini na sita! Wa kilo themanini na sita ni nani?"

Watu wakageuka. Wengine wakatabasamu. Bwana Mashine akainua mkono juu kama mwanafunzi.

"Ni huyu," akasema. "Ni wangu."

Mpaka giza linaingia walikuwa kwenye benchi la ukumbini, wote watatu, kwa sababu Tajiri hakuondoka. Alikaa akizungusha funguo za gari kidoleni, akiziacha, akizizungusha tena.

"Ule utani wangu," akasema mwishowe. "Ule wa mawe."

"Nyamaza tu, Tajiri."

"Sikujua kama kuna kitu."

"Najua hukujua."

Mama mzazi alikuwa akisugua vidole vyake, vile vilivyomwagikiwa maji. "Mimi ndiye niliyempikia uji," akasema. "Kila siku. Alikuwa anakataa, nikamwambia anitunzie heshima."

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze. Alikuwa ameshashinda yule. Alikuwa ameshafika."

Asubuhi daktari kijana, macho mekundu, aliwaita. Picha ilionyesha damu iliyoganda. Walishusha presha kwanza, kisha wakampa dawa, na imefanya kazi kwa sehemu kubwa. Mguu utarudi. Mkono wa kulia utachukua muda, pengine usirudi wote. Maneno yatakuja polepole. "Mngekuja leo badala ya jana," akasema, akaacha sentensi hapo akaenda kwa mwingine.

Bwana Mashine aliingia peke yake. Mkewe alikuwa amelala chali, shuka mpaka kidevuni, anaonekana mdogo. Alimtazama akikaribia. Ilimchukua muda kukusanya neno la kwanza.

"Nesi," akasema. "U... memwambia?"

"Nimemwambia."

"Wo... te? Wamesi...?"

"Wote walisikia."

Akageuza uso ukutani. Bwana Mashine akakaa pale, mikono magotini, akisubiri ageuke, naye hakugeuka mpaka walipoleta chai.

Alhamisi ya tatu baada ya kurudi nyumbani, mkewe alikataa. Alikuwa anatembea kwa fimbo, vidonge ni viwili tena, presha anapimwa kwa kipimo kipya kilicholetwa zahanati. Alikula sahani ndogo, na mama mkwe alikula sahani ndogo pamoja naye bila kuambiwa na mtu. Lakini simu hakuitaka.

"Usi... pokee," akamwambia mumewe. "Watani... cheka."

"Nesi ameomba."

"Nime... waongopea."

"Tumewaongopea. Mimi nitasema, wewe kaa tu."

Hakuweza kusimama imara kwenye bamba, kwa hiyo mumewe alimpima na kiti, kisha akakipima kiti peke yake, akatoa. Alikuwa ameogopa Alhamisi zote za uongo, na hii ya kweli aliiogopa kuliko zote. Simu ilipolia saa kumi aliiacha ilie mara tatu.

"Kundi la Alhamisi, mpo?"

Waliitikia, kila mmoja kwa sauti ya chini, kama watu walio matangani. Nesi akasema leo hatalazimisha namba. Anataka tu kumkaribisha mwenzao aliyerudi.

"Nesi, tuna namba," Bwana Mashine akasema haraka kabla hajaghairi. "Themanini na moja na nusu. Hiyo ni ya kweli. Nimetoa kiti."

Hakuna aliyecheka. Mtandao ukakwaruza, ukakwaruza. Kisha Fundi wa cherehani, yule msemaji, akasafisha koo.

"Mimi ni tisini na moja."

"Fundi," nesi akasema. "Nina sabini na tisa hapa."

"Najua ulichonacho. Ni tisini na moja."

"Mimi ni themanini na nane," Mkunga akasema. "Wateja wangu walisema mkunga aliyekonda ana mkosi."

Zikaanza kuja, moja juu ya nyingine, nyingine zikikatwa katikati na mtandao, namba na namba na namba. Mzee mmoja ambaye hakuwahi kusema zaidi ya kilo zake alisema hajapanda mzani tangu mvua zilizopita, alikuwa anakisia tu ili amfurahishe nesi. Bwana Mashine alimtazama mkewe. Alikuwa ameinamia simu, uso umekunjamana.

Kwa nesi walisikia kurasa tu, zikifunuliwa haraka, zikirudi nyuma wiki baada ya wiki. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ile waliyoijua. Ilikuwa sauti ya mtu anayeteremka ngazi gizani.

"Fundi, wewe nilikupunguzia mwezi wa nne. Mkunga, wewe mwezi wa tano." Ukurasa. "Mwalimu. Mwalimu, wewe nilikuondolea vidonge kabisa."

"Ndiyo, nesi."

"Kilo zako ngapi?"

"Nyingi."

"Asikate mtu simu," nesi akasema. "Nawaomba, asikate mtu. Niacheni nifikiri."

Nje ya nusu mlango watu wa madebe walikuwa wamesogea karibu, hawacheki, wanasikiliza. Bwana Mashine akahisi ule ubaridi ukianza tena visiginoni, safari hii kwa ajili ya watu asiowajua sura.

Ndipo mkewe akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua simu juu ya gunia, akaileta karibu kabisa na mdomo. Alilitafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena. Hakuna aliyemharakisha.

"Mwalimu," akasema. "Nani... yuko... na wewe?"

Simu ikavuma.

"Hakuna mtu," Mwalimu akajibu. "Niko peke yangu."

"Basi... usikate," mkewe akasema. "Ongea. Nakusi... kiliza."